Kujitolea Lubumbashi wiki sita: chumba cha Katuba nyota tano, wakala nyota moja

Kabla sijaondoka Mbeya nilitafuta sana maoni ya mtu wa kwetu aliyewahi kwenda kujitolea Lubumbashi. Nilikuta ya wageni wa Ulaya na Marekani waliokwenda Arusha, Nairobi na Kampala, na yanawafaa wao. Mimi ni fundi cherehani, nina miaka 34, nafundisha ushonaji, nasafiri kwa basi na Kiswahili ndiyo lugha yangu. Nilitaka kujua mambo mawili tu: nitalala wapi, na fedha yangu inakwenda kwa nani. Sikupata wa kuniambia. Basi naandika kwa ajili ya dada au kaka atakayekuja nyuma yangu, na bei nitazitaja zote.

Nililipa dola 930. Kati ya hizo, dola 300 zilikuwa ada ya uratibu. Zilizobaki zilikuwa dola 15 kwa siku, kwa siku 42, za chumba na chakula kwenye familia. Wakala wangu ni kampuni ndogo inayounganisha watu wanaotaka kujitolea na vituo vya huko. Jina lake naliacha. Aliahidi barua ya mwaliko, kupokelewa mpakani Kasumbalesa, laini ya simu, siku moja ya kutembezwa mjini, na namba inayopokelewa usiku na mchana. Barua ilifika siku ya nne, imegongwa mihuri yote. Hilo nalisema kwa haki. Ndilo pekee lililotimia kama lilivyoandikwa.

Ndugu zangu waliposikia neno Kongo walinijia juu. Ulikuwa mwaka 2025. Goma ilikuwa imetekwa na waasi wa M23 Januari, Bukavu Februari, na kila redio ilikuwa inasema hayo. Mama yangu mzazi aliniuliza kama nimechoka kuishi. Nilimchorea kwenye daftari: hii Kivu, ziliko Goma na Bukavu, juu huku, na hii Lubumbashi, chini kabisa, inapakana na Zambia, mji wa shaba. Hakuridhika, lakini aliniruhusu. Nalitaja hilo kwa sababu wengi mtakutana nalo, na jibu la kweli ni kwamba Kongo ni kubwa mno, na swali la kuuliza si "Kongo kukoje" bali "Lubumbashi kukoje wiki hii". Uliza wenyeji, siyo wakala.

Nilitoka mwezi Juni. Mbeya hadi Tunduma, nikavuka Nakonde, saa ikarudi nyuma saa moja hapohapo, nikalala Kapiri Mposhi, kisha Kitwe, Chingola, Chililabombwe, Kasumbalesa. Safari ndefu lakini haina ugumu kwa aliyezoea mabasi. Kasumbalesa ndipo penyewe. Malori yamejipanga mpaka macho yanachoka, mengine yanatoka na mabamba ya shaba kuelekea bandari ya Dar, mengine yanaingia na mafuta na bidhaa. Maofisa walitaka kuona cheti cha chanjo ya homa ya manjano kabla hata hawajafungua pasipoti. Kiweke juu ya mkoba, siyo chini ya nguo.

Upande wa Kongo nilisimama na begi langu kuanzia saa nne asubuhi. Aliyepaswa kunipokea hakuwepo. Namba ya usiku na mchana iliita hadi ikakata. Saa saba mchana dereva mmoja wa lori, mtu wa Morogoro kwa maneno yake, aliniambia, "Dada, hao hawaji. Panda taksi ya kuchangia, mwambie dereva Katuba, na usimwonyeshe mtu pochi." Alinisindikiza hadi kwenye gari, akaongea na dereva, akaandika namba ya gari kwenye kiganja chake mbele ya yule dereva ili aone. Sijui jina lake. Wakala alipiga simu usiku, akasema walidhani naja kesho yake.

Sasa nyumba, na hapa nitakaa, kwa sababu ndiyo huduma niliyoipata.

Iko Katuba, nyumba ya tofali za kuchoma na bati, ua umefagiliwa mpaka unaona mistari ya ufagio. Mwenye nyumba ni mama mjane wa miaka zaidi ya 60. Marehemu mume wake alifanya kazi Gécamines, kampuni ya serikali ya migodi. Anaishi na watoto wawili wakubwa na mjukuu. Chumba changu kilikuwa na kitanda cha futi tatu na nusu, chandarua kisicho na tundu, meza, misumari minne ya kutundikia nguo, na dirisha lenye nondo. Godoro limebonyea katikati. Nilimwambia na yeye alikiri. Choo na bafu viko nje, visafi. Maji ya bomba hutoka usiku, na Mama huamka saa nane za usiku kujaza mapipa. Nilimsikia kila usiku, mlio wa maji kwenye pipa tupu, halafu sauti inapanda kadiri linavyojaa, halafu kimya. Asubuhi ndoo yangu ya maji ya moto ilikuwa mlangoni. Siku 42, haikukosekana hata siku moja.

Umeme ulikatika mara nyingi. Hilo Lubumbashi si la nyumba hiyo peke yake. Beba taa ya kuchaji.

Beba pia blanketi na sweta. Nilidhani Kongo yote ni joto, nikafungasha magauni mepesi, mimi mtu wa Mbeya ninayejua baridi! Lubumbashi iko juu, na Juni na Julai ni kiangazi chenye usiku mkali. Usiku wa kwanza Mama aliingia na kikwembe kizito akanifunika bila kuuliza. Kikwembe kwangu ni nguo iliyochakaa. Kwao ni kitenge, na hicho kilikuwa kipya, mikunjo ya dukani bado ilionekana.

Hapo ndipo niseme habari ya lugha, maana wengi watakwambia, "Wewe Mtanzania, Kiswahili unacho, huna shida." Unacho, na shida unayo. Siku ya kwanza nilifika mlangoni nikasema, "Shikamoo, mama." Mama alinitazama kwa upole, akangoja, kama mtu anayesubiri sentensi iishe. Shikamoo hawaitumii. Wao ni "Jambo, mama," na wanaimaanisha, ile jambo ambayo kwetu imebaki ya watalii. Kisha akaniambia, "Tosha viatu, ingia." Nilijibu kwamba vinanitosha, nikaingia navyo. Kutosha kwao ni kuvua, kuondoa. Nilipoona alama za vumbi langu kwenye sakafu aliyotoka kuipiga deki niliona aibu nikaomba kitambaa nifute mwenyewe. Alikataa.

Jioni ileile bintiye wa mwisho, msichana wa miaka 19, aliniita "yaya". Nilinyamaza, lakini lilinichoma. Nilikaa chumbani nikijiuliza kama wakala amewaambia nimekuja kutafuta kazi za ndani. Asubuhi nikamsikia anamwita kaka yake vilevile, yaya. Ni dada mkubwa, ni kaka mkubwa, ni neno la heshima. Alikuwa amenipa nafasi katika nyumba yao siku ya kwanza na mimi nilikuwa nimelala nimenuna. Tangu hapo niliitikia mbio. Na mkisikia mwanamume anasema "bibi yangu", anamtaja mke wake, siyo bibi yake mzaa mama; huyo anaitwa nkambo.

Mimi niliendelea na shikamoo. Sikuweza kuiacha, ulimi wangu haukubali kumpita mama wa umri ule bila shikamoo. Wiki ya tatu, asubuhi moja, nilipotoka chumbani na kuisema, Mama aliitikia, "Marahaba, mutoto yangu." Alikuwa amemuuliza mtu sokoni nini kinajibiwa. Aliendelea kuitikia hivyo mpaka siku naondoka.

Jikoni kwake ni mbabula mbili za makala, yaani majiko ya mkaa, chini ya mti wa parachichi. Huziwasha kwa vigunzi vya mahindi vilivyokauka: vigunzi vitatu chini, makala madogo juu yake, makubwa mwisho, halafu anageuza mlango wa mbabula uelekee upepo na kuondoka. Hapulizi wala hapepei. Dakika kumi anarudi, moto umeshika. Nimepika kwa mkaa tangu utoto na nilikuwa napuliza mpaka machozi. Sasa nafanya kama yeye. Chakula ni bukari, ugali wa mahindi, na Mama huchanganya unga kidogo wa muhogo ili uvutike. Mboga ni sombe, yaani kisamvu, yenye mawese, lengalenga, ambayo ni mchicha, au samaki wa barafu wanaoitwa tomson, waliokaangwa wakakaa kwenye nyanya. Jumapili moja alipika vinkubala, wale viwavi waliokaushwa, na kitunguu kingi. Nilikula. Vina ladha ya moshi na chumvi, na nilirudia. Chakula kilikuwa cha kutosha siku zote, kwa maana ya neno hili tunayoijua sisi.

Nikija kwenye kazi yenyewe. Kituo kiko karibu na soko la Kenya. Kenya ni jina la moja ya manispaa za Lubumbashi, kwa hiyo ukiwapigia nyumbani na kusema uko Kenya, fafanua. Kinafundisha ushonaji kwa wasichana 23 walioacha shule. Kuna cherehani nane za kukanyaga, sita zinafanya kazi. Mwalimu wao, wanayemwita Madamu, ni fundi kunishinda kwenye nguo za kikwao, hasa libaya, ile blauzi ya kitenge yenye mabega yaliyosimama.

Nilipoingia siku ya kwanza niliona chini ya dirisha pamefagiliwa, pako wazi, nafasi ya meza mbili. Wasichana walisimama wakapiga makofi. Walikuwa wanatazama mlango nyuma yangu. Madamu akaniuliza kwa sauti ya chini mashine zinafika lini. Mashine zipi? Wakala alikuwa amewaambia mgeni kutoka Tanzania anakuja na cherehani mbili mpya. Kwa hilo walikuwa wamekubali kunipokea, wakanipangia ratiba, wakasogeza meza.

Sijawahi kusimama mbele ya watu na kusema neno gumu kama lile. Niliwaambia ukweli palepale, kwamba sina mashine, sikuambiwa, nimekuja na mikono na mkoba wa sindano. Hakuna aliyenisema vibaya. Msichana mmoja alikwenda kimya akarudisha benchi lake chini ya dirisha, mahali lilipokuwa zamani. Hilo benchi ndilo sababu ya nyota moja. Kuniacha mpakani saa tatu naweza kusamehe.

Jioni zile nilianza kuzifungua zile mashine mbili zilizokufa. Ya kwanza ilikuwa na mkanda wa ngozi uliokatika, ule unaotoka gurudumu la chini kwenda la juu, na uchafu wa nyuzi miaka mingi chini ya bamba la meno. Niliisafisha kwa brashi ya mswaki na mafuta ya taa, nikaitia mafuta ya cherehani, nikafunga mkanda wangu wa akiba niliokuwa nimebeba kwa bahati. Ilishona. Ya pili ilikuwa imelika kile chuma kinachozunguka na bobini, na nilitafuta kipuri sokoni Kenya na mjini siku tatu bila kukipata cha aina ile. Ile iliyopona Madamu aliiweka chini ya dirisha.

Kosa langu nalo nilitaje, kwa sababu linawapata wengi wanaokwenda kujitolea. Wiki ya kwanza nilichukua darasa. Nilisimama mbele nikafundisha kama ninavyofundisha Mbeya, kwa inchi: kifua 36, kiuno 28, upana wa mabega 15. Wasichana waliandika, wakakata, na vipande havikukutana. Wao wanapima kwa sentimita. Fundi wa Tanzania anasoma upande mmoja wa futi kamba, fundi wa Lubumbashi anasoma upande wa pili. Madamu alikuwa ameliona tangu dakika ya kwanza, akaniheshimu mgeni asiniaibishe mbele ya wanafunzi. Baada ya kipindi alichukua futi yangu, akaigeuza mbele yangu, akaweka kidole kwenye 71, sentimita za kile kiuno changu cha inchi 28. Hakusema kitu. Tangu wiki ya pili yeye alisimama mbele na mimi nikakaa kati ya madawati, mahali ambapo msaidizi anapaswa kukaa, na kazi ikaanza kwenda.

Ningependa mwone jambo moja jinsi lilivyokuwa. Msichana mmoja, mdogo kuliko wote, mkimya, alipata kitenge cha ndege weupe wanaoruka kwenda juu. Ulikuwa mtihani wake wa gauni la kwanza, na kitenge kilinunuliwa na shangazi yake. Kielelezo cha gauni alikikata kwenye karatasi ya mfuko wa saruji, kama wanavyofanya wote, maana karatasi ya saruji ni ngumu na ni ya bure. Akapanga vipande vyake vizuri kubana kitambaa kisipotee. Akakata. Alipounganisha mabega, ndege wa mbele wanapanda, ndege wa mgongoni wameangalia chini. Madamu akaja, akashika gauni kwa mabega, akasema polepole, "Bandege yako banaanguka." Mtoto aliweka mikono usoni.

Kitambaa kilichobaki hakikutosha mgongo mzima. Tulikaa naye mpaka saa kumi na moja. Tulipima kila kipande kilichobaki, mpaka vya kwapani, kwa sentimita, na tukaona kwamba mgongo ukikatwa wima mara mbili na kuungwa katikati, ndege wanaweza kupanda wote, ila mshono utapita kwenye uti wa mgongo na lazima mbawa zikutane. Alizikutanisha. Alibandika pini kila baada ya sentimita mbili, akashona, akafumua, akashona tena. Ukilitazama gauni lile leo utadhani mshono wa mgongoni ni mtindo. Sikugusa mashine hata mara moja. Nilishika taa tu, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kama wiki sita zinafaa, nasema ni chache. Mbili za kwanza unajifunza wewe. Mkifika ya tano ndipo mikono inafahamiana. Kama una miezi mitatu, nenda miezi mitatu. Kama huna, usiahidi kubadilisha kitu.

Wiki ya nne ndipo nilipojua habari ya fedha. Tulikuwa tunachambua sombe, mimi na Mama, na nikasema dola 15 kwa siku zinamsaidia kidogo karo ya mjukuu. Mikono yake ilisimama. "Kumi na tano?" Akaniambia, "Miye bananipatiaka dola tano, yaya. Tano tu, na chakula ndani." Ile siku aliniita yaya yeye mwenyewe, mama wa umri wa mama yangu.

Nilipiga hesabu kichwani palepale. Tano mara 42 ni 210. Nilikuwa nimelipa 930. Dola 720 hazikufika kwa yule anayeamka saa nane za usiku, na kituo chenyewe hakikupata hata sindano. Niliwaandikia watu wa wakala. Walijibu baada ya siku sita kwamba ni gharama za uendeshaji na kwamba wajitoleaji hawapaswi kujadili malipo na familia. Sikubaliani nao kabisa. Mgeni anayelala ndani ya nyumba ya mtu ana haki ya kujua mtu huyo analipwa nini, na mwenye nyumba ana haki ya kujua mgeni ametozwa nini.

Nilikuwa na mwenzangu, binti wa Ubelgiji, aliyekaa chumba cha pili kwa wiki mbili na kusaidia kwenye zahanati. Yeye wakala alimfuata uwanja wa ndege wa Luano na gari, akampa laini ya simu, akamtembeza mji. Ni binti mwema, alihuzunika alipojua. Tulilipa ada ileile. Kwa hiyo huduma ipo, wanaijua namna ya kuitoa. Kwa mgeni asiyejua Kiswahili wala Kifaransa, anayeshuka kwenye ndege usiku, pengine inamfaa. Kwa Mwafrika wa jirani aliyekuja kwa basi hawakuona sababu ya kuwasha gari.

Mjini nilitembea mwenyewe, na mdogo wangu wa pale nyumbani akinisindikiza. Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi inastahili asubuhi nzima: wana misalaba ya shaba, ile iliyoyeyushwa na wazee wa Katanga, eneo hili la shaba, na kutumika kama fedha karne nyingi kabla ya kampuni yoyote ya mgodi. Ukitoka hapo, lile bomba refu la moshi la kiwanda na kilima cheusi cha mabaki ya shaba, ambavyo unaviona karibu kila unapogeuka, unavitazama kwa jicho jingine. Bustani ya wanyama nayo ni nzuri kwa mwenye watoto. Sikupiga picha barabarani. Wenyeji walinionya kwamba simu iliyoinuliwa mbele ya jengo la serikali inaleta maswali, nikawasikiliza. Saa moja jioni geti la Mama linafungwa, na mimi nilikuwa ndani.

Pasipoti ya Tanzania ina neema moja pale: Samatta. Kila niliposema natokea wapi, muuza mkate, dereva, hata padre, jibu lilikuwa, "Ah, kwenu njo kwa Samatta!" Mbwana Samatta, mchezaji wetu wa mpira, aliichezea TP Mazembe, timu ya Lubumbashi, kuanzia 2011 hadi 2016, na walipotwaa Ligi ya Mabingwa Afrika 2015 alikuwepo pamoja na Thomas Ulimwengu. Mtoto wa kiume wa Mama alinipeleka Kamalondo kuutazama uwanja wao kwa nje tu, akanionyesha mlango aliokuwa anasimama akiwa kijana kumsubiri. Mimi si mtu wa mpira. Nilisimama hapo nikajisikia nimebeba kitu.

Kuhusu fedha za mkononi: dola na faranga za Kongo zote zinatumika, lakini dola iwe safi. Noti yangu ya 20 iliyochanika ukingoni, mchaniko wa ukucha, ilikataliwa maduka matatu na nikarudi nayo Mbeya.

Namna ninavyoshauri sasa. Wasiliana na kituo moja kwa moja kwanza, waulize wao wanahitaji nini na wameahidiwa nini. Barua ya mwaliko kituo kilichosajiliwa kinaweza kuiandika chenyewe. Madamu aliniambia hawajawahi kuombwa. Mlipe mwenye nyumba mkononi mwake. Mimi siku ya mwisho nilimwachia Mama dola 60 chini ya sahani, kwa sababu alikuwa amekataa mara mbili usoni, na tukakubaliana bei ya mgeni ajaye: dola 10 kwa siku, chai ya asubuhi na chakula cha jioni ndani. Kwake ni mara mbili ya aliyokuwa anapata, na kwako ni pungufu ya niliyolipa mimi. Namba yake siiweki hapa hadharani, ila kwa anayekwenda kweli nitamuunganisha naye baada ya yeye Mama kukubali.

Alinitumia ujumbe wa sauti wiki iliyopita. Godoro amelishonea upya, na pamba ameongeza katikati. Nyuma ya sauti yake nilisikia mapipa.

Kituoni wanahitaji sindano za cherehani namba 14 na 16, bobini, mafuta, na mikanda ya ngozi. Niliwaachia mkanda mmoja tu, na mashine zinazofanya kazi sasa ni saba. Pakiti ya mikanda haijazi hata mfuko wa pembeni wa begi.